Likizo ya Siku Saba

Kaka yangu Leonard Oxtoby, koplo,
alirudi kutoka Ufaransa na buti moja.
La pili lilibaki mchangani, alisema,
pamoja na watu aliokataa kuwataja.
Siku mbili alisimama baharini, maji kifuani,
ndege zikiwashukia kama mwewe kwa vifaranga,
asipate hata mkwaruzo.
Mama alimkagua kidole kwa kidole, kama mtoto mchanga,
akasema: basi, umevuka.

Mwaka uliofuata, Mei, wakampa siku saba.
Ya kwanza alilala.
Ya pili alilala.
Ya tatu akatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni
uliokuwa ukilia tangu Baba afe,
nami nikamchukia kidogo,
maana nilishauzoea ule mlio.
Ya nne tulitembea hadi kwenye mto Humber,
maji rangi ya chai iliyozidi maziwa,
akaniambia hataki kurudi kambini.
"Si woga, Winnie. Ni uchovu."
Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ving'ora vilianza kabla ya saa sita usiku.
Tukakimbilia handaki la mtaa, matofali na zege,
Bi Cawood na paka wake kikapuni,
watoto wa Stathers wamevaa viatu bila soksi,
na Mama, leso mdomoni.
Nilidhani analia.
Kumbe alisahau meno yake ndani ya glasi,
rafuni, juu ya sinki,
na heri afe kuliko Bi Cawood amwone kibogoyo.

Leonard akacheka.
Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.
Akanivisha koti lake la jeshi, nilikuwa natetemeka,
akasema, "Dakika mbili."
Akainama mlangoni, alivyokuwa mrefu,
na hicho ndicho nilichobaki nacho:
mgongo, shati jeupe,
kanda za suruali zikining'inia.

Husemwa mcheza kwao hutunzwa.
Na afaye kwao?

Asubuhi mtaa ulikuwa na upande mmoja tu.
Mlango wa jikoni umesimama peke yake,
fremu na kila kitu, bila nyumba.
Niliusukuma.
Haukulia.

Siku ya kumi na moja ikaja barua ya kikosi:
Koplo Oxtoby hajaripoti, asipojitokeza
atahesabiwa mtoro.
Mama aliisoma mara tatu, akairudisha kwenye bahasha.
Akavaa kofia ya mazishi, akapanda treni,
saa nne za kusimama kwenye ujia,
akaingia ofisini kwa kapteni
na kufumbua mdomo.
Sijui alisema nini.
Najua aliusema wote bila jino hata moja,
bila leso.

Aliishi miaka kumi na minane zaidi.
Hakununua meno mengine.
Majirani walisema ni umaskini,
nasi tukawaacha waseme.
Mkate aliuloweka kwenye chai,
akautazama ukilegea.

Kila Novemba vijana huniuliza alifia wapi.
Wanataka jangwa, wanataka bahari,
jina la kuandika chini ya picha.
Nawaambia: Mtaa wa Scarrow, namba kumi na tisa, jikoni.
Wananitazama kama niliyekosea swali.
Alikwenda kuchukua nini?
Hapo huwa nasema: blanketi.

Mfukoni mwa koti kulikuwa na cheti cha likizo,
siku mbili bado hazijatumika,
na nusu ya sigara.
Niliivuta siku vita vilipokwisha,
kengele zote za Hull zikigongwa,
nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mtu mwingine.
Ilikuwa imekauka mno.
Iliungua haraka, ikaniunguza kidole,
na ladha yake ilikuwa ya sufu.